Barua ya Ulinzi wa Ukami

Neno hongo halikuzaliwa na aibu. Kabla ya reli, na kabla ya boma la Mjerumani, msafara uliotoka Bagamoyo kuelekea Unyanyembe ukifika chini ya milima ya Uluguru ulitoa hongo mchana kweupe: doti za merikani na kaniki, shanga, waya wa shaba. Aliyepokea hakujificha, na aliyetoa alijua ananunua nini. Alinunua ruhusa ya kupita, maji ya kunywa, na usiku wa kulala bila kushambuliwa. Ilikuwa ada ya ulinzi. Siku hizi tukisema hongo tunataja kitu kinachopita chini ya meza, na kila nikiisoma historia ya Morogoro naona neno hilo limeanguka pamoja na jambo lenyewe.

Pale Morogoro ada hiyo ilikuwa ya Kisabengo. Alikuwa Mzigua aliyekuja katikati ya karne ya 19 na kundi la watu aliowaokota huku na huko, watoro wakiwa wengi miongoni mwao, akajenga ngome mahali ambapo kila msafara ulilazimika kupita. Binti yake, Simbamwene, alirithi ngome na biashara, na mji wenyewe wageni wakauita kwa jina lake. Henry Morton Stanley alipopita mwaka 1871 akimtafuta Livingstone, aliuona mji wenye ukuta, minara ya mawe kwenye pembe zake, na milango minne, kila mmoja ukitazama upande wake wa dunia. Alimkuta pia malkia anayedai chake. Stanley alinung'unika sana kwa hongo hiyo, lakini mimi namwona Simbamwene kuwa mtu aliyeelewa kazi yake. Alikuwa na ukuta, bunduki, na barabara inayopita mlangoni. Alichokiuza kilionekana kwa macho.

Juu yake, kwenye miteremko ya Lupanga na huko ndani zaidi, Waluguru walikuwa na ulinzi wa namna nyingine: milima yenyewe. Wengi walipanda huko wakikimbia vita na uvamizi wa bondeni. Hawakuwa na mfalme mmoja. Ardhi ilikuwa mali ya lukolo, ukoo unaofuatwa kwa upande wa mama, na mwenye kuusimamia ukoo aliigawa kwa walioihitaji kulima, bila uwezo wa kuitoa moja kwa moja kwa mtu baki. Huko Kinole, kiongozi aliyeitwa Kingalu aliheshimiwa kwa kuleta mvua. Heshima hiyo haikumfanya awe na hati ya milima. Naomba msomaji alishike jambo hili, maana mwaka 1884 alikuja mtu aliyetaka saini ya mwenye nchi, katika nchi ambayo mwenyewe hakuwa mtu mmoja.

Mtu huyo ni Carl Peters, mtoto wa mchungaji wa Kilutheri kutoka Neuhaus kando ya mto Elbe, msomi wa historia na falsafa, mwenye umri wa miaka 28. Tarehe 28 Machi 1884 yeye na wenzake walianzisha mjini Berlin chama cha ukoloni wa Kijerumani, mali ya watu binafsi, chenye wanachama wenye majina makubwa na fedha kidogo. Walitaka makoloni, na serikali yao haikuwa na hamu nayo. Chansela Otto von Bismarck alihesabu gharama za jeshi na maofisa akaona hasara. Kama lazima makoloni yawepo, alipenda kazi ifanywe na makampuni ya wafanyabiashara: wao waendeshe, wao walipe, serikali iwape karatasi tu. Peters aliufahamu mwelekeo huo wa mkuu wake. Ndiyo sababu hakwenda kwanza kuomba kazi. Alikwenda kutengeneza kitu ambacho serikali ingeona vigumu kukikataa.

Walisafiri kwa majina ya uongo, kwa daraja la chini, wakijifanya mafundi. Tarehe 4 Novemba 1884 walishuka Zanzibar wanne: Peters, Carl Jühlke, Joachim von Pfeil, na mfanyabiashara August Otto. Katika ubalozi wa Ujerumani Peters alipokea ujumbe kutoka Berlin kwamba asitarajie ulinzi wowote wa serikali kwa anayoyafanya. Mtu mwingine angerudi. Yeye aliuweka ujumbe huo mfukoni, akavuka kwenda Sadani na wapagazi 36, akaufuata mto Wami.

Yaliyofuata yalichukua wiki chache tu. Walipita Uzigua, Nguru na Usagara, kisha wakarudi pwani kwa njia ya Ukami, nchi ya tambarare na vilima vilivyoizunguka Uluguru. Kila walipomkuta mtu mwenye cheo waliingia kwa utaratibu uleule, ambao Peters mwenyewe aliusimulia baadaye bila haya. Zawadi hutangulia, kisha kinywaji. Pengine huchanjiana damu wawe ndugu. Bendera hupandishwa, hati husomwa kwa Kijerumani, Kaisari hushangiliwa. Mwishoni bunduki zote hulia kwa pamoja mara tatu, ili wenyeji waone kitakachowapata wakivunja mkataba. Huko Nguru alimpata hata Salim bin Hamid, wakala wa Sultani wa Zanzibar, atie saini maneno kwamba Sultani hana mamlaka bara. Wakala anayemkana aliyemtuma! Karatasi hiyo ilikuwa na thamani kuliko nyingi za nyingine, kwa sababu ilimjibu mpinzani hata kabla hajafungua kinywa.

Tarehe 29 Novemba 1884 walikuwa Msovero, sehemu ya Kilosa ya leo, kwa Mangungo. Kila mtoto aliyepita shule Tanzania analijua jina hilo. Bungeni na vijiweni, mkataba mbaya wa madini au wa umeme ukitajwa, Mangungo hutajwa naye, kana kwamba yeye ndiye baba wa ujinga wa kutia saini. Naona tumemwonea. Hati ile, iliyopitia kinywa cha mkalimani Ramassan, ilisema kwamba Mangungo anatoa nchi yake yote na haki zake zote milele kwa Dk. Peters. Kwa upande wa pili Peters aliahidi kuikumbuka Msovero kipekee wakati wa kuleta walowezi. Hakuna mtu mwenye akili timamu anayeuza kila kitu kwa ahadi ya namna hiyo. Alichokisikia Mangungo kwa lugha yake hakikuwa kilichoandikwa kwa Kijerumani. Usagara wa wakati ule uliishi kwa hofu ya wavamizi, na kiongozi yeyote alitafuta rafiki mwenye bunduki. Ukitazama kwa makini, pale Msovero serikali iliyokuwa ikitafuta mlinzi ilikuwa ni ya Mangungo. Yeye ndiye mwenye nyumba, na waliokuja ni kampuni ya ulinzi. Walipoondoka, kampuni ilikuwa na hati ya nyumba.

Safari iliwachosha. Otto alifariki huko Usagara, Pfeil akabaki kushika mahali, na Peters aliyekuwa mgonjwa akafika Bagamoyo pamoja na Jühlke tarehe 17 Desemba. Mkobani alikuwa na mikataba 12. Hakuacha nyuma yake ngome wala kikosi, na milima ya Uluguru hakuipanda. Lakini Berlin watu husoma ramani, na juu ya ramani alama za Mangungo na wenzake zilifunika kilomita za mraba zipatazo 140,000.

Alifika Berlin mwanzoni mwa Februari 1885. Wakati huo mataifa ya Ulaya yalikuwa mezani mjini humo yakizungumzia Kongo na namna ya kuitambua milki mpya Afrika. Peters asingeweza kuomba wakati bora zaidi. Mkutano ulifungwa tarehe 26 Februari. Kesho yake, tarehe 27, Kaisari Wilhelm wa Kwanza na Bismarck walitia saini barua ambayo Wajerumani waliiita Schutzbrief, barua ya ulinzi. Ilitaja kwa majina Uzigua, Nguru, Usagara na Ukami. Iliipa kampuni ya Peters na wenzake haki ya kutumia yote yaliyotokana na mikataba, pamoja na kuhukumu wenyeji na Wajerumani waishio humo, kwa sharti kwamba ibaki kampuni ya Kijerumani na isimamiwe na serikali.

Kampuni ya ulinzi inayotaka leo kulinda ofisi ya umma mjini Morogoro inaijua njia. Inasajiliwa BRELA, inapata namba ya mlipakodi na leseni, kisha inaingia NeST, mfumo wa ununuzi wa umma uliochukua nafasi ya TANePS mwaka 2023. Humo inaliona tangazo la zabuni, inasoma masharti, inapakia ushahidi wa uzoefu na hesabu zake za fedha, inaweka bei, inasubiri tathmini. Itashindana na wenzake, na pengine na SUMA JKT Guard, ambayo ni ya jeshi letu wenyewe. Ikiona imeonewa, ipo Mamlaka ya Rufani za Zabuni za Umma. Nimewahi kukaa na mtu wa kazi hiyo akinionyesha nyaraka zake, faili baada ya faili, na nikamfikiria Peters. Angeulizwa uzoefu, hakuwa nao. Mtaji, hana. Orodha ya walinzi, hana hata mmoja. Walioandikwa kwenye barua kuwa wanalindwa hawakuulizwa, na Sultani Barghash bin Said, aliyeona nchi hizo kuwa zake, hakuwa na mahali pa kukata rufaa isipokuwa kwa Kaisari yuleyule aliyetia saini.

Barghash alipeleka simu ya malalamiko Berlin mwezi Aprili, na akatuma askari wake bara. Jibu lilikuja kwa bahari. Tarehe 7 Agosti 1885 manowari za Kijerumani zilitia nanga mbele ya jumba lake, na baada ya wiki moja Sultani alikubali. Hapo ndipo sura halisi ya biashara ilipojitokeza. Kampuni iliahidi kuibebea serikali mzigo wa ulinzi, na jambo la kwanza lililotokea ni serikali kupeleka manowari kuilinda kampuni.

Miaka miwili mitatu iliyofuata ilikuwa ya vituo vidogo: Sima huko Usagara, vingine kuelekea pwani, baadaye Mpwapwa. Vijana wa Kijerumani walikaa humo na homa, mashamba ya majaribio na walinzi wachache. Fedha zilikwisha mapema. Mwaka 1887 kampuni iliundwa upya, mabenki yakaingia, na Kaisari mwenyewe akatia mtaji wa Mark 500,000. Peters aliondolewa kwenye uongozi wa shughuli za huku. Watu wa hapa watamkumbuka kwa jina alilolipata miaka michache baadaye huko Kilimanjaro, alikonyonga watu: Mkono wa Damu.

Bara hapakuwa na faida bila pwani, kwani pembe na mpira vyote vilishukia bandarini, na ushuru ulikuwa bandarini. Tarehe 28 Aprili 1888 kampuni ilipata kwa Sultani mpya, Khalifa, mkataba mwingine: kuendesha pwani na kukusanya ushuru wake kwa miaka 50, kwa jina la Sultani. Kazi ilianza tarehe 16 Agosti, na haikumaliza mwezi. Pangani, Emil von Zelewski, ambaye watu walimwita Nyundo, alitaka bendera ya kampuni ipepee pamoja na ya Sultani kwenye nyumba ya liwali. Wenye nyumba na mashamba wakatakiwa waandikishe mali zao. Abushiri bin Salim alisimama Pangani, Bwana Heri akasimama Sadani, na mji baada ya mji ukawatoa watu wa kampuni. Ilipofika mwisho wa Septemba walikuwa wameshikilia Bagamoyo na Dar es Salaam tu, na hapo pia kwa msaada wa manowari. Kampuni iliyopewa barua ya ulinzi haikuweza kulinda hata forodha zake.

Katika biashara ya kawaida mkandarasi aliyeshindwa namna hiyo hufutiwa mkataba na kudaiwa fidia. Hapa mambo yalikwenda kinyume, na ninaona sehemu hii ndiyo inayostahili kusomwa polepole na kila anayetaka kujua mkataba wa ulinzi hupatikanaje. Wakati huohuo Kardinali Charles Lavigerie alikuwa akizunguka Ulaya akihubiri dhidi ya biashara ya utumwa, na mwezi Oktoba 1888 ulifanyika mkutano mkubwa mjini Cologne juu ya jambo hilo. Bismarck, ambaye hakupata kura kwa kuokoa kampuni iliyofilisika, alipata kura kwa kupambana na utumwa. Chama cha Wakatoliki bungeni, chenye kiongozi wake Ludwig Windthorst, kilikuja upande wake. Vita vya watu wa pwani dhidi ya kampuni vikaelezwa kuwa vita vya wafanyabiashara wa watumwa dhidi ya ustaarabu. Utumwa ulikuwepo, na ulikuwa uovu. Njia ya msafara iliyopita Morogoro ilitiwa machozi na watu wengi waliofungwa shingo. Lakini kilio chao kilitumika kulipia deni la watu wengine. Mwanzoni mwa Februari 1889 sheria ilipita: Mark milioni 2 kwa ajili ya kuzuia biashara ya watumwa na kulinda maslahi ya Wajerumani Afrika Mashariki.

Aliyepewa kazi ni Hermann Wissmann, afisa aliyekwisha kuvuka bara la Afrika. Kikosi chake hakikuwa sehemu ya jeshi la Kaisari. Maofisa wa Kijerumani walitoka jeshini kwanza, kisha wakaandikiana mkataba na Wissmann mwenyewe. Cairo aliajiri Wasudani wapatao 600, wengi wao askari wa zamani wa jeshi la Misri waliokuwa wamekosa kazi, na Msumbiji aliajiri watu wa kusini ambao Wajerumani waliwaita Wazulu. Serikali ililipa, mtu binafsi akaajiri, na aliyeokolewa akawa kampuni. Wasudani hao walikuja na vyeo vya Kituruki vya jeshi lao la zamani: ombasha, shaushi, efendi. Mtanzania anayemwita polisi afande barabarani hutamka neno lililotua nchini na watu wa mikataba kama hao.

Tarehe 8 Mei 1889 waliivunja ngome ya Abushiri karibu na Bagamoyo. Abushiri akaingia bara, Mpwapwa ikashambuliwa, na Wissmann akaifuata njia ileile ya misafara iliyopita chini ya Uluguru. Abushiri alikamatwa mwezi Desemba, akanyongwa Pangani tarehe 15. Bwana Heri alisalimu amri mwaka uliofuata. Kwa mara ya kwanza tangu 1885 neno ulinzi lililoandikwa juu ya Ukami lilikuwa na bunduki nyuma yake, na bunduki hizo hazikuwa za aliyeandikiwa barua.

Baada ya vita walikaa kugawana. Kwa makubaliano ya tarehe 20 Novemba 1890 kampuni iliachia utawala, na serikali ikauchukua kuanzia tarehe 1 Januari 1891. Sultani alilipwa Mark milioni 4 aache pwani yake moja kwa moja. Fedha zilitoka katika mkopo wa zaidi ya Mark milioni 10 uliochukuliwa na kampuni, na ili iweze kuulipa, serikali iliahidi kuipa Mark 600,000 kila mwaka kutoka ushuru wa forodha. Mashamba na haki zake nyingi za biashara zilibaki kwake. Nimeisoma hesabu hiyo mara nyingi nikitafuta mahali ambapo kampuni inaadhibiwa kwa kushindwa, na sijapaona. Ushuru ule ulitozwa kwa pembe, mpira na mtama wa nchi hii. Mpagazi aliyeteremka na mzigo kutoka Ukami hadi Bagamoyo alikuwa, bila kujua, akiilipa kampuni kwa kazi iliyoishinda. Tarehe 22 Machi 1891 kikosi cha Wissmann kiligeuzwa rasmi kuwa jeshi la serikali, na jina lake, Schutztruppe, lilibeba neno lilelile la barua: kikosi cha ulinzi.

Milimani mambo yalichelewa kidogo. Waliolima miteremko ya Matombo na Mgeta waliziona bendera zikibadilika huko bondeni, na maisha yakaendelea kwa mvua na lukolo. Kisha ikaja amri ya tarehe 1 Novemba 1897, na kuanzia tarehe 1 Aprili 1898 ikaanza kutozwa kodi ya nyumba. Vijijini ilikuwa rupia 3. Asiyekuwa na rupia alilipa kwa mazao, au kwa nguvu za mikono yake. Jumbe alihesabu nyumba, moja baada ya nyingine, na wenyewe wakashuka na vikapu vya nafaka kwenda kwa akida, kwa njia walizozifanya babu zao wakati wa kupanda kukimbia vita. Kwa akida alikuwapo askari. Mtu wa lukolo fulani, ambaye ukoo wake haukumwona Peters wala kusikia jina la Berlin, alitua kikapu chini na kuuliza ni kiasi gani. Akaambiwa rupia 3 kwa kila nyumba, na mwaka ujao vilevile.